Utandawazi na msongo wa mawazo kwa mameneja: Uislamu unasemaje?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeufanya usiku kuwa sitara na mapumziko, na mchana kuwa wakati wa kuhangaikia maisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeshika mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Huenda baadhi yenu mkashangaa kusikia mada kama hii ikizungumzwa msikitini. Wengi wetu tulioketi hapa ni wachuuzi, mafundi, madereva, vibarua na wakulima. Mameneja wana magari, wana ofisi zenye viyoyozi, watoto wao wanasoma shule za kulipia. Wana dhiki gani hao hata tukae na kuwajadili? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye pembeni huuona mwepesi daima.

Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mameneja hao ni ndugu zetu, wanasimama nasi safu moja, na miongoni mwao wapo wanaoumia kimyakimya. Ya pili ni kubwa zaidi: dhiki ya meneja haiishii kwake. Inashuka kwa karani, kwa dereva, kwa mlinzi wa getini, kisha inaingia nyumbani kwa mke na watoto. Anayewekwa juu ya watu ni mchunga, na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa kila mchunga ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Mchunga akiumwa, kundi zima limo hatarini.

BIASHARA YA MBALI SI NGENI KWETU

Wapo wanaodai kuwa utandawazi wote ni balaa jipya lililobuniwa ili kutuangamiza. Kauli hii inahitaji kupimwa. Allah (s.w.) aliwakumbusha Maquraish, katika sura yenye jina lao, neema ya misafara yao miwili ya biashara, wa wakati wa baridi na wa wakati wa joto. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.). Alikuwa msimamizi wa mali ya mtu mwingine katika nchi ya mbali. Kwa lugha ya leo tungemwita meneja. Nao wazee wetu wa pwani hii walifanya biashara na Maskat, Shihr na Bara Hindi kwa karne nyingi, na Uislamu wenyewe ulifika kwetu kwa njia hiyo ya majahazi.

Basi tofauti ya jana na leo iko wapi? Tofauti iko katika pepo. Jahazi lilishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Tajiri wa Maskat aliyemkabidhi nahodha mali yake hakuweza kumuuliza hesabu mpaka pepo zigeuke. Kwa miezi kadhaa nahodha alibaki na Mola wake, akili yake na amana aliyoibeba. Alikuwa na muda wa kuuza na muda wa kungoja, muda wa kutengeneza chombo na muda wa kukaa barazani. Bahari ilimlazimisha tajiri awe na subira na ikamlazimisha nahodha apumzike.

Leo hakuna pepo za kungojea. Mauzo ya asubuhi ya tawi la Mwanza yanasomwa London au Johannesburg kabla ya jua kuchwa. Mwenye mali hana haja ya kusubiri, na asiyesubiri hajifunzi subira. Hapa ndipo penye mzizi wa maradhi tunayoyazungumza.

BWANA ASIYEONEKANA

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka. Kampuni ya simu ya Celtel iliasisiwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2005 ilinunuliwa na kampuni ya MTC ya Kuwait. Mwaka 2008 jina likageuzwa kuwa Zain. Mwaka 2010 shughuli zake katika nchi 15 za Afrika ziliuzwa kwa kampuni ya Bharti Airtel ya India kwa dola za Marekani bilioni 10.7. Hatuitaji kampuni hiyo kwa kuilaumu. Tunaitaja kwa kuwa historia yake ni ya wazi na inatusaidia kufahamu jambo. Mtumishi aliyekaa kwenye meza ileile Dar es Salaam tangu mwaka 2004 hadi 2010 alibadilishiwa mwenye mali mara mbili na jina la kampuni mara mbili, naye hakuulizwa hata mara moja. Kila mwenye mali mpya huja na utaratibu wake wa kupima kazi, na kila upimaji mpya huzaa swali moja katika kifua cha meneja: je, mimi nitabaki?

Tazameni pia jambo la saa. Wakati wa baridi kule Uingereza, mkutano uliopangwa saa tisa alasiri London huwa ni saa kumi na mbili jioni Dar es Salaam na Mombasa, na Magharibi inabisha hodi. Ukipangwa saa tisa alasiri New York, kwetu ni saa tano usiku. Na siku ya Ijumaa, khatibu anapopanda mimbari saa saba mchana, kule London ni saa nne asubuhi, ndiyo kwanza kazi imechanganya. Ndiyo maana mnamwona ndugu yenu ameketi safu ya nyuma, simu imo mfukoni inatetemeka, naye anatetemeka pamoja nayo. Msiharakishe kumdhania kuwa amedharau khutba. Mwili wake upo hapa, lakini nafsi yake ameikodisha mahali pengine.

Juu ya hayo kuna malengo ya robo mwaka, yale ambayo wenyewe huyaita tageti. Kila miezi mitatu hesabu hufungwa. Aliyeyafikia malengo huongezewa, na asiyeyafikia huitwa ajieleze. Aliyeyafikia hapati raha, kwa kuwa zawadi ya kufika ni lengo kubwa zaidi katika miezi mitatu inayofuata. Allah (s.w.) ametuonya katika Suratut-Takaathur juu ya kushughulishwa na kutafuta wingi mpaka mtu anafikishwa makaburini. Tulizoea kuifasiri sura hiyo kwa tajiri mwenye tamaa. Leo yupo mtu anayekimbizwa kutafuta wingi ambao wala si wake.

YALIYOTOKEA UFARANSA

Ili tusiseme kwa dhana, tuitazame nchi ambayo jambo hili lilifikishwa mahakamani na kutolewa hukumu.

France Télécom lilikuwa shirika la simu la taifa la Ufaransa. Tarehe 1 Januari 1998 soko la simu la nchi za Umoja wa Ulaya lilifunguliwa kwa ushindani. Shirika hilo likatoka kwenda kununua makampuni ya nje, likiwamo Orange mwaka 2000, na kufikia mwaka 2002 lilikuwa na deni la takribani euro bilioni 70. Mwaka 2004 hisa za serikali zilishuka chini ya nusu. Kisha ukaja mpango wa miaka 2006 hadi 2008 wa kupunguza watu 22,000. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa watumishi wa umma ambao sheria haikuruhusu wafukuzwe. Njia iliyobaki ilikuwa ni kuwafanya waondoke wenyewe.

Ni nani aliyepewa kazi hiyo? Mameneja. Waliwekewa idadi ya watu wa kuondoka, na sehemu ya malipo yao ikafungamanishwa na idadi hiyo. Walipelekwa mafunzoni, na huko walioneshwa mchoro wa hatua za majonzi anazopitia mtu aliyefiwa, ili watambue mfanyakazi aliyeondolewa kwenye kazi yake yuko hatua gani. Ndugu zetu, zingatieni jambo hili. Elimu iliyokusudiwa kumliwaza aliyefikwa na msiba iligeuzwa kuwa chombo cha kuutengeneza msiba. Watu walihamishwa vituo mara kwa mara, walibadilishiwa kazi wasizozijua, na wengine waliachwa bila kazi ya kufanya.

Matokeo yake yakaitikisa nchi. Mahakama ilichunguza habari za watu 39: 19 walikuwa wamejiua, 12 walijaribu kujiua na 8 walipatwa na sonona au maradhi yanayofanana nayo. Tarehe 20 Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni pamoja na waliokuwa viongozi wake wakuu kwa kuwadhalilisha wafanyakazi kwa mpango wa taasisi nzima. Rufaa ilisikilizwa na kuamuliwa tarehe 30 Septemba 2022, adhabu za viongozi zikapunguzwa lakini hatia ikabaki. Tarehe 21 Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikalifunga jambo hilo kwa kuithibitisha hatia.

Somo kwetu ni hili. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa mahakama za watu kukubali kuwa mzigo uliobuniwa juu kabisa, ukapitishwa kwa mameneja, unaweza kumuua mtu wa chini, na kwamba aliyeubuni ana dhambi ya kuulizwa. Sheria yetu imeliweka wazi jambo hilo kwa zaidi ya karne kumi na nne, kama tutakavyoona.

CHEO CHA JUU, MAMLAKA YA CHINI

Katika Japani watu wana neno maalumu, karoshi, lenye maana ya kifo kinachotokana na kufanya kazi kupita kiasi. Nchi hiyo ilitunga sheria ya kukabiliana na vifo hivyo mwaka 2014. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la BMJ la Uingereza ulionesha kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, uchumi wa Japani ulipodorora, vifo vya wanaume walio mameneja na wataalamu viliongezeka, kujiua kukiwa miongoni mwa sababu, ilhali vifo vya makundi mengi mengine viliendelea kupungua.

Wajapani walikuwa pia na msemo wa mameneja wa jina tu. Sheria yao ya kazi haimlipi meneja saa za ziada, hivyo baadhi ya waajiri wakawapa watu cheo hicho ili wawafanyishe kazi bila kikomo. Mwezi Januari 2008 mahakama ya Tokyo iliamua kuwa msimamizi wa mkahawa mmoja wa McDonald's hakuwa meneja kwa maana ya sheria, kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya kweli, na ikaamuru alipwe malimbikizo yake.

Tusidhani kuwa jambo hilo ni la Japani peke yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Hata hivyo masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mlinzi ana saa zake kisheria; bosi wa mlinzi hana. Na madhara ya saa nyingi yanajulikana. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kuwa watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Uchunguzi mashuhuri wa watumishi wa serikali ya Uingereza, uitwao Whitehall, ulioanza mwaka 1967, ulionesha kuwa wa daraja za chini ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo, kuliko wakubwa wao. Wachunguzi waliofuatia wakabaini kuwa miongoni mwa sababu ni mtu kukosa uwezo wa kuamua juu ya kazi yake mwenyewe. Basi asije meneja akadhani ndiye anayeteseka kuliko wote. Mfagizi wake huenda anaumia zaidi. Lakini utandawazi umemletea meneja maradhi ya mtu wa chini akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu wa juu. Amepewa cheo, mamlaka yamebaki ng'ambo. Anaulizwa juu ya mambo ambayo hakuyaamua.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Sisi walimu wa madrasa watu hutujia na mambo haya kwa jina jingine. Aliwahi kuja kwetu ndugu wa mzazi mmoja wa mwanafunzi, akitaka tukamsomee mgonjwa. Mzazi huyo alikuwa meneja wa tawi katika kampuni kubwa. Alikuwa halali, halli, anafoka kwa jambo dogo, na moyo ulimwenda mbio bila sababu. Nyumbani walikwisha kukubaliana kuwa kafanyiwa, kwa kuwa alipandishwa cheo na wenzake wakaona uchungu. Alikwisha kunyweshwa makombe ya kila namna.

Tulimsomea aya za Qur'an, kwani Qur'an ni shifaa. Kisha tukamuuliza: unalala saa ngapi? Akasema, saa nane usiku. Tukamuuliza: na simu inalala wapi? Akasema, chini ya mto. Tukamuuliza mara ya mwisho alipomsikiliza mwanawe akisoma alichohifadhi. Alinyamaza, kisha akalia. Mtoto alikuwa amemaliza Juzuu Amma miezi minne nyuma na yeye hakuwa na habari.

Tulimwambia aende hospitali akaonane na daktari wa maradhi ya nafsi. Jamaa zake walichukia. Mmoja alituambia waziwazi: ina maana mwalimu unasema huyu ni mwendawazimu? Mwingine akasema kuwa mwenye kumkumbuka Mola wake hawezi kupatwa na hali hiyo, akatutolea dalili ya Suratur-Ra'd, aya ya 28, kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah.

Aya hiyo ni haki, nasi tunaiamini. Lakini kuitumia kumtuhumu mgonjwa ni dhuluma. Nabii Ya'qub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakafanya weupe, kama ilivyo katika Surat Yusuf, aya ya 84, na hakuna Muislamu atakayesema imani yake ilikuwa pungufu. Mwaka aliofiwa Mtume (s.a.w.) na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Naye Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.), alikuwa akikithirisha kuomba kinga dhidi ya wahaka na huzuni, dhidi ya uzito wa deni na dhidi ya kushindwa nguvu na watu. Tazameni mpangilio wa dua hiyo: maradhi ya nafsi yametajwa pamoja na deni na ukandamizaji. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dhiki ya ndani huenda sambamba na mambo ya nje.

Wanazuoni wetu walilifahamu hilo mapema. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake alitofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyojulikana sababu, na hii ya pili akaiona kuwa inatokana na mwili na inahitaji tiba ya mwili. Alishauri pia mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuumwa. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameweka katika Zaad al-Ma'aad mlango maalumu juu ya mwongozo wa Mtume (s.a.w.) katika kutibu dhiki, wahaka na huzuni. Hawakuyaita maradhi haya aibu. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kujitibu aliamrisha watu wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Mzazi yule alikwenda. Aliambiwa ana sonona. Akapewa dawa, na baada ya miezi michache akaomba mwenyewe ashushwe kwenye nafasi ndogo zaidi. Mshahara ulipungua. Wapo waliomcheka mtaani kuwa ameporomoka, na wapo wakwe waliosema wamemuoza binti yao kwa mtu asiyejua thamani ya riziki. Bado anatumia dawa, na siku nyingine usingizi humkimbia. Lakini jioni huja mwenyewe kumchukua mwanawe madrasa. Tunauliza: ni nani aliyeporomoka hapo, yeye au mizani zetu?

MZIGO USISHUKE

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Meneja hawezi kuyabadilisha masoko ya London wala hawezi kuziita pepo za kaskazi zirudi. Lakini lipo jambo moja ambalo liko mikononi mwake na ambalo ataulizwa: mzigo anaoteremshiwa, je, anauteremsha kama ulivyo?

Abu Dharr (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Neno hilo la mwisho lina hukumu nzito. Mtume (s.a.w.) alijua kuwa ipo siku kazi itakuwa kubwa na haina budi kufanywa. Siku hiyo mwenye amri ainuke kitini, ashike upande wa mzigo. Na katika Surat al-Qasas, aya ya 26 na 27, tunasoma habari ya mzee wa Madyan aliyemwajiri Nabii Musa (a.s.). Musa alipendekezwa kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu, na mwajiri naye akatoa ahadi yake kuwa hataki kumtia mashaka. Mikataba ya siku hizi imejaa sifa zinazotakiwa kwa mwajiriwa. Ile ahadi ya upande wa pili imesahauliwa.

Naye Bibi Aisha (r.a.) alimsikia Mtume (s.a.w.) akiwaombea dua watawala wa jambo lolote la umma huu: atakayewafanyia watu ugumu naye afanyiwe ugumu, na atakayewafanyia upole naye afanyiwe upole. Ameipokea Muslim. Ndugu meneja, hiyo ni dua ya Mtume ambaye dua yake hairudi. Ukiwapigia kelele walio chini yako kwa sababu umepigiwa kelele na aliye juu yako, umejiingiza mwenyewe katika upande mbaya wa dua hiyo. Usiseme, nimeamrishwa. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na dhuluma ni maasi hata ikiletwa kwa barua pepe yenye nembo ya kampuni.

Wapo pia ambao dhiki yao inatokana na aina ya kazi yenyewe. Mtu amepewa lengo la kuwaingiza wateja kadhaa katika mikopo ya riba kila mwezi, na kila akilifikia anahisi amejenga jengo la moto. Huyo moyo wake haumwi bure, unamwonya. Tunamnasihi aanze kupanga njia ya kutoka kwa mashauriano na watu wa elimu na watu wa fani yake, akitegemea ahadi ya Allah (s.w.) katika Suratut-Talaaq, kuwa anayemcha atamfanyia njia ya kutokea.

WAJIBU WETU

Kwa mameneja tunasema mambo matatu. Ukabidhi usiku kwa aliyeuumba: simu ilale chumba kingine, na usimtumie mtu wako ujumbe wa kazi baada ya Ishaa ila kwa dharura ya kweli. Ukubali kuwa mwili wako una haki juu yako, na ahli wako wana haki juu yako, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Abdullah bin Amr (r.a.) aliyekuwa akijikalifisha hata katika ibada, ikiwa ibada ina mpaka, sembuse hesabu za robo mwaka? Na unapoletewa lengo lisilowezekana, liseme kwa adabu na kwa maandishi, kabla halijawafikia walio chini yako.

Kwa wafanyabiashara na wenye taasisi, hata taasisi zetu za Kiislamu: msiwalaumu matajiri wa ng'ambo ilhali mnafanya yaleyale. Wapo walimu wakuu wa shule zetu wanaopigiwa simu na wajumbe wa bodi saa sita usiku. Kuwa mwenye mali ni Muislamu hakuifanyi dhuluma kuwa ibada.

Kwa familia: msimpime mtu kwa gari lake. Wengi hung'ang'ania cheo kinachowaua kwa sababu wanaogopa macho ya shemeji na jirani kuliko wanavyoogopa kiharusi. Mke amwambie mumewe, na mume amwambie mkewe ikiwa ndiye meneja, kuwa tutakula kidogo tukiwa pamoja.

Kwa maimamu na jamaa wa msikiti: mtu akija na dhiki yake, asomewe, na pia aulizwe usingizi wake, kazi yake na madeni yake, kisha apelekwe kwa daktari. Anayesema maneno ya kukata tamaa na maisha asiachwe peke yake wala asikemewe. Allah (s.w.) ameharamisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, mtu kujiua, na amefuatisha hapohapo kwamba Yeye ni Mwenye kuturehemu. Uharamu huo na utufanye tuwahi kumfikia ndugu yetu kabla hajafika ukingoni. Tena tuilinde saa ya Ijumaa. Penye kazini Waislamu kadhaa, wakamwendee mwajiri kwa pamoja na kwa heshima, waombe saa hiyo isipangiwe mkutano. Meneja aliyemo miongoni mwao ndiye wa kwanza kupaswa kusema.

HITIMISHO

Ndugu zetu, swala tano ndizo pepo zetu tulizobakishiwa. Bahari haimlazimishi tena tajiri kungoja, lakini adhana bado inamlazimisha Muumini kusimama, mara tano, na kuiacha hesabu mezani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwambia Bilal (r.a.) awastareheshe kwa swala, ameipokea Abu Daud. Anayeiingia swala kama mtu anayeshusha mzigo, hatatoka nayo akiwa na haja ya kumtwika mwenzake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, awalainishe nyoyo wale aliowapa mamlaka juu ya waja wake, atukinge na wahaka na huzuni, na uzito wa deni na nguvu za watu, na aijaalie riziki yetu iwe ya halali, ya kututosha na yenye usingizi ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.